Anwani ya Mzee Vasant Isifungwe

Jumatano tarehe 30 Juni 2004, Bwana Vasant Jethwa, Msimamizi wa Mawasiliano wa Umoja wa Zahanati, atafunga droo yake, atamkabidhi funguo Candida wa mapokezi, na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini. Umri umefika, na yeye amekubali bila ubishi. Wengi tumewaaga katika ofisi hii ya Mtaa wa Mkunguni, lakini sikumbuki mwingine aliyeondoka amechoka kwa haki kama yeye. Naandika hivyo kwa heshima.

Alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, upande wa Kisutu, mtoto wa fundi saa. Nyumba zilipotaifishwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kaka zake walifunga mizigo wakaenda kutafuta maisha kwenye baridi. Yeye alibaki. Akiulizwa sababu hujibu kwamba Jumapili ile kulikuwa na mpira, na tiketi alikwisha kuinunua. Hajawahi kutoa sababu nyingine, nasi tumeacha kumwuliza.

Alianza kazi mwaka 1974 kama karani wa bohari. Zilikuwa nyakati za uhaba, na kazi yake kubwa ilikuwa kuziandikia zahanati za mikoani kwamba dawa waliyoomba haipo. Aliiandika barua hiyo kwa mashine ya stensili, nakala baada ya nakala, na chini ya kila nakala aliongeza kwa mkono neno moja la pole. Wapo wauguzi ambao hadi leo wanalikumbuka neno hilo kuliko dawa zenyewe.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Kariakoo iliyokuwa na rafu tupu ikajaa bidhaa hadi barazani. Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa zikaota kila mtaa, Magomeni, Msimbazi, hata bondeni Jangwani ambako mvua kubwa huingia na kuzihamisha. Dawa nazo zikaja kutoka kila upande wa dunia, zenye majina ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka. Shida ya Umoja ikageuka. Zamani tuliwaambia watu kwamba dawa haipo. Sasa ilibidi tuwaambie ipi wasiitumie, na tuwaambie mapema.

Ndipo ikaja kompyuta, na nyuma yake barua pepe. Bwana Vasant alipelekwa kozi fupi, akarudi, na mwaka 1997 akaunda kile tunachokiita hadi leo Orodha. Maana yake ni rahisi: ofisi inaandika barua moja ya tahadhari, na programu iliyomo kwenye kompyuta inaisambaza kwa zahanati zote zilizojiandikisha, kwa mara moja. Programu hiyo hatukuinunua. Ni programu huria, ambayo mtu ameiandika na kuiachia dunia itumie bure, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kwa miaka miwili Orodha ilifanya kazi, na stensili ikafunikwa kwa kitambaa.

Mwaka 1999 Muuguzi Agnesi alishuka kwenye basi kutoka Mahenge akiwa amepakata boksi. Alipanda ngazi zetu, akaliweka boksi juu ya meza ya Candida, na bila hata salamu akauliza, "Nyie siku hizi mnamwandikia nani?" Ndani mlikuwa na dawa ya matone ya macho, yenye ukungu kama maji ya kunawia mchele. Dawa hiyo tulikwisha kuitolea tahadhari mwezi mzima nyuma. Barua ilitumwa, Bwana Vasant alikuwa na ushahidi kwenye kompyuta. Mahenge haikufika. Bahati ni kwamba Agnesi hakuuamini ule ukungu, akayaweka matone kando kabla hajamtia mgonjwa yeyote. "Mngenipofushia watu," alisema. Kisha akaomba maji ya kunywa, kwa sababu alikuwa amesafiri tangu jana.

Bwana Vasant hakujitetea. Alianza kuitafuta barua ilikopotelea, na aliikuta si mbali: Mtaa wa Swahili, kwenye duka la vipuri la Bwana Muaz.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Tangu enzi za sanduku la posta, mtu wa Kariakoo mwenye sanduku lake huwa na sanduku la ukoo, la majirani na la wateja wa bara. Barua huandikwa jina la mwenyewe, halafu "kwa mkono wa" fulani. Barua pepe ilipokuja tuliichukua kwa desturi hiyo hiyo. Zahanati zote za upande wa Mahenge zilijiandikisha kwa anwani moja, ya Muaz, ambaye alizichapisha barua kwenye karatasi na kuzituma kwa basi pamoja na vipuri. "Anwani moja inatosha nchi nzima," alikuwa akijisifu, "kama mwenye nayo ni mimi."

Tatizo ni kwamba aliyeiandika programu hakuijua desturi hiyo. Kwa programu, anwani moja ni mtu mmoja. Tena ilikuwa na kanuni yake: barua zikirudi kwa siku kadhaa mfululizo kwa sababu sanduku limejaa, mwenye anwani huhesabiwa ametoweka na kufutwa kimya kimya. Muaz alikuwa amekwenda Dubai kuleta mzigo, na alichelewa. Sanduku likajaa. Programu ikamhesabu marehemu, ikamfuta, na zahanati zote zilizokuwa mgongoni mwake zikafutwa pamoja naye. Muaz alipoelezwa alishika kichwa. "Mimi? Nimekufa? Na mke wangu hakuambiwa?"

Dawa ya haraka ilikuwa kumwandikisha upya, na ofisi nyingine ingeishia hapo. Bwana Vasant aliona kwamba Muaz atasafiri tena, na kwamba wapo akina Muaz wengi, kila mmoja amebeba wilaya yake. Akaanza kuifungua programu yenyewe saa za chakula cha mchana, andazi mkono mmoja, hadi ikakubali kwamba anwani moja inaweza kuwa na watu wengi, na kwamba sanduku lililojaa si sanduku la marehemu: livumiliwe, na ofisi iarifiwe kabla ya kumfuta mtu. Ilimchukua miezi. Mkewe, Mama Bhagwati, alizoea kumpigia simu Candida kuuliza kama mume wake bado anaishi pale.

Marekebisho hayo aliyatuma kwa mwenye programu, kama ilivyo ada, ili wengine nao wafaidike. Barua yake ikarudi. Akatuma tena, ikarudi tena: anwani hii haipo. Alichunguza akagundua kwamba programu ilikuwa haijaguswa kwa miaka, na kwamba watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakilalamikiana wao kwa wao juu ya kasoro zake, kama wapangaji wa nyumba isiyojulikana mwenyewe.

Akaandika barua ya karatasi, akabandika stempu, akaipeleka katika chuo kimoja cha Ulaya kilichotajwa ndani ya programu. Wengine tulicheka. Jibu lilifika baada ya nusu mwaka, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka. Mwenye programu alikuwa mhadhiri wa hesabu aliyestaafu. Chuo kilikuwa kimeifunga anwani yake siku ile ile aliyoagwa. Hakupata tena barua ya mtu yeyote kuhusu programu, akaamini hakuna tena anayeitumia, naye akaiacha. Alifurahi kusikia kwamba inatumika Kariakoo, mahali ambapo ilimbidi apatafute kwenye ramani. Mwisho aliuliza kama Bwana Vasant angekubali kuichukua na kuilea, maana yeye macho yalikuwa yamekwisha.

Bwana Vasant aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Sasa huyu nitamkataaje?"

Hivyo ndivyo mtumishi wetu alivyokuwa mlezi wa programu inayotumika duniani, bila cheo, bila mshahara wa ziada. Tangu mwaka 2000 jina lake na anwani yake ya ofisi hii vimo ndani ya kila nakala, na kila palipo na kasoro watu huandika kwake. Amewahi kujibu kwaya ya Norwe ambayo barua zake za mazoezi zilifika baada ya tamasha. Amewahi kujibu chama cha wafuga nyuki cha Brazili. Wapo wanaoshukuru, nao ni wachache. Wengi huuliza kwa ukali kwa nini jambo fulani halijarekebishwa mpaka leo, kana kwamba wamemwajiri. Humjibu kila mmoja, na chini huongeza neno moja la pole, lile lile la enzi za stensili. Mwaka juzi, kwenye sherehe ya ofisi, Mama Bhagwati alisimama akasema mbele yetu, "Jamani, mimi nina watoto wawili tu ninaowajua. Hawa wengine wa Norwe na Brazili wakija harusini kwa mwanangu Hiral, sahani sina!" Tulicheka sana. Bwana Vasant naye alicheka, ila aliketi haraka, kama mtu aliyesimama muda mrefu.

Amechoka, na hakuna sababu ya kulipamba hilo. Mwaka mzima sasa ametangaza kwenye programu yenyewe kwamba anatafuta wa kumpokea. Watu wamemsifu, wamemwombea afya, wamemwomba aongeze hiki na kile. Aliyesema "nipe mimi" hajatokea.

Kamati ya maandalizi ilipomwendea mwezi wa nne kuuliza angependa zawadi gani, ilitegemea jibu la kawaida: friji, godoro, mabati. Alisema anaomba anwani yake isifungwe. Candida, mjumbe wa kamati, hakuamini. "Mzee, wenzako wanaomba friji, wewe unaomba anwani? Anwani inagandisha maji?"

Lakini ombi halikuwa dogo. Tuna kanuni kwamba mtumishi akistaafu anwani yake hufungwa siku hiyo hiyo, nayo ilitungwa baada ya mtu mmoja aliyeacha kazi kuendelea kuagiza dawa kwa jina la Umoja. Mkurugenzi, Bwana Nasor, alimjibu kwa upole, "Mzee wangu, nikikufungulia wewe mlango, kesho watapita wote." Bwana Vasant alieleza kwamba anaweza kuweka anwani nyingine katika nakala mpya, ila nakala za zamani zimekwisha kutawanyika, na walio nazo wataendelea kuandika hapa. Alirudi mezani kwake kujibu barua.

Jambo lilifika kwenye kikao. Kanuni ilisomwa, wakuu wa idara wakatikisa vichwa kuikubali, na ilikuwa karibu kupita. Candida, aliyekuja kuleta chai, aliomba kusema. "Samahani, Bwana Nasor. Yule mhadhiri wa Ulaya walimfungia anwani siku ya kumuaga. Kasoro za programu zikakosa wa kuambiwa, na baadaye Dada Agnesi akaja na boksi. Mimi ndiye niliyelipokea lile boksi, wengine hamkuwepo. Safari ijayo litapokelewa na nani?" Akaendelea kumimina chai.

Sisi tulioondoka makwetu tukiwa vijana, na kuhamahama baadaye, tunajua barua iliyorudi inavyokuwa. Inakuja na mwandiko wako mwenyewe na muhuri wa mtu usiyemjua, na huwezi kujua kama unayemwandikia amekufa, amehama, au amefungiwa tu mlango. Mhadhiri yule alikuwa nyumbani kwake wakati wote. Agnesi alikuwa zahanatini kwake wakati wote. Hakuna aliyekuwa amepotea.

Bwana Nasor akamgeukia mtu wa ugavi. "Basi iondolewe kwenye anwani za watumishi, iandikwe kwenye mali za ofisi. Mali haistaafu." Hivyo atakayesoma daftari la mali la mwaka huu ataikuta anwani ya Bwana Vasant kati ya jenereta na tangi la maji. Mzee mwenyewe ataweza kuifungua akiwa popote, hata kwenye duka la barua pepe la jirani yake. Na friji tumemnunulia vilevile.

Bwana Vasant alipopewa habari alishukuru, halafu akamwambia Candida kwa sauti ya chini, "Unajua, mwenzako nilikuwa nategemea mtakataa." Candida alidhani ni utani. Mimi niliyekuwa mlangoni niliuona uso wake, na sidhani kama ulikuwa utani wote. Kanuni ingemfungia kazi ambayo mwenyewe hawezi kuiacha, naye angelala usingizi bila lawama. Hilo tumemnyima, naye ametushukuru.

Bwana Vasant, ahsante kwa stensili, kwa Orodha, kwa saa za chakula zilizoishia kwenye kasoro za watu wengine. Wewe na Mama Bhagwati tunawatakia afya, harusi njema ya Hiral, na Jumapili zenye mpira. Zaidi ya hayo tunakutakia barua moja. Na ije kutoka Norwe, Brazili au Mtaa wa Swahili, si kitu. Isiwe na lalamiko wala sifa. Iseme tu, "Nipe mimi, wewe pumzika." Itakapofika, itaikuta anwani iko wazi.