Ng'ombe wa Kuazima

Benchi letu liko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, chini ya kilima, mkabala na kibanda changu cha kahawa. Mimi ni Nabintu, na kila asubuhi nawamiminia kahawa wanaume watatu wasioishiwa maneno. Kuna Grégoire, tunayemwita Injenia kwa sababu anafungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa zimepungukiwa skrubu. Kuna Libère, yaani Satelaiti, maana hakuna habari inayompita. Na kuna Munyakazi, Mzee wa Heshima, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. Mwaka jana wanafunzi wa kujitolea, wazungu na wenzao wa Mbarara, walipanda kilimani wakamjengea mjane Mukandoli tanki la kutoa gesi ya kupikia kutokana na mavi ya ng'ombe. Jiko liliwaka siku ya kuagana, tukaimba, tukaomba, tukalia. Kisha likazima. Jana Mukandoli alirudi kutoka kutafuta kuni upande wa Rugaaga akiwa amefungwa mkono kwa kitambaa. Mwenye shamba alimkuta, akampiga na kumnyang'anya panga. Na leo Satelaiti akaja mbio na habari nyingine.

— Banafunzi banarudi kesho! Banakuya kuona jiko, na bako na kamera.

— Miye nilisema tangu zamani, akajibu Injenia. Ile tiyo, ile bomba ya gesi, iko mubaya. Gesi inapanda kilima, inachoka.

— Gesi inachoka? akauliza Satelaiti.

— Hata weye ukipanda kule unachoka. Haraka haraka haina baraka.

— Hapana, si tiyo, Satelaiti akamkata. Ile gesi inateremuka chini ya udongo, inaenda mupaka Tanzania. Njo maana kule banapika muzuri. Mficha uchi hazai!

— Sasa ile methali inaingia fasi gani? akauliza Injenia.

— Inaingia tu.

Mzee Munyakazi akakohoa, na wenzake wakampisha.

— Bote munakosa. Lile jiko lilizoea Kizungu. Sasa benye Kizungu bameenda, nani atalisemesha?

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Sote tulijua kwamba tanki halina kitu tumboni, kwa sababu Mukandoli hana ng'ombe hata mmoja. Wake waliishia vitani, milimani kwetu Kivu, Kongo. Wanafunzi walipokuja kuchagua nyumba, walitaka mjane mwenye ng'ombe. Kwetu sisi, mgeni kukuta zizi tupu kwa mama mzee ni aibu ya mtaa mzima. Basi Munyakazi akaswaga wake hadi zizini kwa Mukandoli, Injenia akaongeza wa kwake, na wageni wakaandika walichokiona. Jioni ya siku ya kuagana, ng'ombe wakarudi kwao. Tuliita jambo hilo heshima.

— Sasa kesho tutafanya namna gani? Satelaiti akauliza.

— Kama mwaka jana, akasema Munyakazi. Bang'ombe balale kwake leo, kesho mangaribi barudi.

— Na moto?

— Moto ni kazi yangu, akasema Injenia. Nitaazima mutungi ya gesi Mbarara, niufiche nyuma ya tanki. Bataona moto, batalia tena.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akashangilia Satelaiti.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

— Papa Munyakazi, si mungemupelekea tu mavi? Ndoo moja kila asubuhi?

— Nabintu! Mavi mbele ya mulango ya mujane? Unataka batu baseme tunamutukana? Na maharagi yangu itakula nini?

Nikarudi kupangusa vikombe. Sina ng'ombe, lakini mdomo ninao, na mwaka mzima nilikuwa nimeutumia kuuliza nani anaongezewa sukari.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi binti mmoja mwenye begi magotini, aliyeshuka kwenye bodaboda akaagiza kahawa. Tulidhani ni mpita njia.

— Samahani wazee, akasema kwa Kiswahili cha Mbarara. Mimi naitwa Ancilla. Mwaka jana nilikuwa na hao wanafunzi. Hiyo shimo ya tanki mimi nilichimba.

Satelaiti akaweka kikombe chini. Yeye ambaye hakuna habari inayompita! Mwaka jana tulishikana mikono na wazungu, tukapiga nao picha, na huyu hatukumtazama hata usoni.

— Wenzangu wanakuja kesho, mimi nimetangulia. Sigombani na mtu. Mimi nimezaliwa Makenke, kambi ya jeshi. Mkubwa akija kule, hata mawe yanapakwa chokaa. Nauliza kitu moja tu: hiyo ng'ombe yenu inalala mbali na kwa huyu mama?

Injenia akaanza kutafuta kitu mfukoni, asikipate. Satelaiti akatazama barabara. Mzee Munyakazi akavua kofia yake, akaigeuza, akaiangalia kwa ndani.

Zizi la Munyakazi na uwanja wa Mukandoli vinatenganishwa na ua wa minyaa. Kila asubuhi mama yule anasikia maziwa yakikamuliwa, kisha anachukua kamba yake na kwenda kutafuta kuni.

Binti akanigeukia mimi. Jibu nilikuwa nalo. Nikainua birika.

— Nikuongezee sukari, dada?