Mwalimu Kibona na Kilio cha Ruti

Mwalimu Anyelwisye Kibona anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, ishirini na sita kati yake hapa shuleni kwetu Mbozi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mambo ya kufurahisha. Nitajaribu, ila wanaonijua mimi, Felista wa Jiografia, wanajua sina ulimi wa kupamba.

Alitujia mwaka 1999 kutoka milima ya Ileje, na sanduku moja la bati na jogoo aliyewika kila asubuhi katikati ya paredi, hadi mkuu wa shule akaagiza achinjwe. Mwanafunzi aliyechelewa, Mwalimu hakumchapa. Alisimamisha somo, darasa zima likampigia makofi kama mgeni rasmi. Aisee, hakuna aliyerudia! Ufaulu wa Kiswahili ukapanda, na vyeti vya wilaya vitatu vipo ukutani ofisini.

Lakini penzi lake lilikuwa jukwaa. Kila mwaka kidato cha nne waliigiza ile tamthilia ya zamani ya binti wa mtemi anayekunywa sumu aliyotegewa baba yake. Mavazi aliyafuata mwenyewe Tunduma, akavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, kuchagua vitenge, na safari moja afisa wa forodha alimshikilia saa nzima kwa sababu ya taji la bati.

Mwaka 2013 binti wa mtemi alikuwa Ruti, mtoto wa kijiji cha Hasamba, mwenye sauti ya kufika hadi jikoni. Katika onyesho la mwisho binti hulazwa kwenye machela, akafunikwa shuka, wenzake wakamlilia. Wiki moja kabla, mama yake alikuja ofisini. Alisema kwao mtu aliye hai haliliwi, ni kumwitia kifo. Akaomba walilie hata gogo la mgomba. Mwalimu Kibona alimjibu kwa heshima kwamba ni mchezo tu. Mimi nilicheka, na mama yule alinisikia. Siku yenyewe wasichana walilia kweli kweli, mpaka baadhi ya wazazi wakaondoka kabla ya mwisho.

Siku kumi na mbili baadaye Ruti aliugua homa ya uti wa mgongo, akafariki. Daktari alieleza, lakini msibani nani anamsikiliza daktari? Tulipofika Hasamba, wajomba walimzuia Mwalimu nje, wakamwambia yeye alishamlilia mtoto wao akamaliza. Sisi wengine tuliingia. Yeye alisimama barabarani mpaka tukamaliza kuzika. Mimi niliyecheka niliruhusiwa kuingia, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Kwa miaka kumi na miwili hakuigizisha tena. Wanafunzi waliisoma tamthilia wakiwa wameketi, na wakifika onyesho la mwisho aliwaambia wasome kimyakimya, akatoka nje. Kila Julai, msimu wa kahawa, alikwenda Hasamba kumsaidia Mama Ruti kuchuma. Mama alimpa kikapu, hakumpa kiti.

Mwezi Aprili mwaka huu, Mama Ruti alinituma mimi kwa Mwalimu. Amesikia Mwalimu anaondoka, basi watoto waigize, ila kwenye machela walaze gogo la mgomba, asilazwe mtu.

Waliigiza tarehe 23 Mei. Kwenye onyesho la mwisho wasichana walibaki wakitazamana. Habari ya Ruti wanaijua wote, na hakuna aliyethubutu kulia. Kisha kilio kikaanzia kwenye mabenchi ya wazazi. Alikuwa Mama Ruti, analia kwa Kinyiha, anamtaja mwanawe kwa jina. Kina mama wakamwitikia. Tamthilia haikuisha, wala hakuna aliyepiga makofi.

Mwalimu Kibona alikuwa amesimama mlangoni. Mama Ruti akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja, pale palipobaki nafasi. Mwalimu akaenda, akaketi, akalia mbele yetu sote, mtu mzima wa miaka sitini, kilio cha mwanafunzi wake alichonyimwa tangu 2013.

Asante, Mwalimu, kwa yote uliyotufundisha. Utusamehe sisi wenzako tuliokuacha peke yako na msiba wako. Nenda Ileje salama; Mungu akujalie afya, uzee mwema, na usingizi.