Mzee Tena Haugui

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, kiongozi wa okestra yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wanamuziki humwita Mzee Tena, maana ndilo neno analolitumia zaidi kuliko hata salamu. Kamati imeniomba niandike maneno matamu. Nimejaribu.

Alianza akiwa mpiga tarumbeta wa safu ya nyuma, akashika kijiti cha kuongozea kiongozi wa zamani alipohama, na hajakiachia hadi leo. Ametuongoza katika opera arobaini na mbili. Ukumbi uliokuwa haujai hata nusu, siku hizi watu wanakosa viti. Hilo tumpe, ni haki yake.

Lakini jamani, mazoezi yake! Huanzia ukurasa wa mwisho na kurudi nyuma, kwa hoja kwamba watu wakichoka huharibu mwisho, basi mwisho upigwe mapema. Siku ya onyesho la kwanza la opera moja, alifungua kitabu cha nota palepale alipozoea, akashusha kijiti, na nusu ya okestra ikamfuata bila kuuliza. Hadhira ikasikia hitimisho kabla pazia halijafunguliwa. Wengine wakapiga makofi na kuanza kutafuta funguo za magari. Kesho yake alitulaumu sisi.

Mimi ni msaidizi wake, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazi ya msaidizi ni kuijua kila opera nota kwa nota, kuvaa nguo nyeusi, kisha kukaa pembeni kungoja kiongozi augue. Mzee huyu haugui. Mwaka juzi alikuja anatetemeka kwa homa. Nilishampigia mama yangu simu, akawahi kiti cha mbele. Mzee akaongoza saa tatu nzima akiwa ameketi, na mama akarudi nyumbani bila kuniona nikiongoza. Tangu hapo, kila Jumapili mama huniuliza hali ya Mzee. Nikimwambia ni mzima, hushukuru kwa sauti ya msibani.

Niseme wazi: imeniuma. Bodi ya okestra inataka mrithi wake awe mtu aliyewahi kuongoza opera nzima mbele ya watu. Mimi sijawahi hata moja, na iliyobaki ni ya Ijumaa, ya kumuaga yeye.

Jana, programu za onyesho la Ijumaa zikiwa zimeshachapwa na jina lake kubwa usoni, aliniita ofisini. Akanisogezea kijiti mezani bila kuniangalia.

“Ijumaa nitaumwa,” akasema. “Kuanzia saa moja jioni mpaka pazia la mwisho.”

Nilimuuliza, machozi na hasira vikigombana, kwa nini hakuumwa miaka yote hiyo. Akanijibu kwamba hakupata nafasi.

Mzee wetu, kwa niaba ya okestra nzima, asante. Ustaafu kwa amani, ulale mchana, uwachoshe wajukuu badala yetu. Na Ijumaa, ugua pole.