Chumba cha Marehemu Mhasibu

Tulibaki abiria watatu ndani ya basi: mimi nyuma kabisa, na mbele yangu fundi wa viyoyozi akibishana na mama anayefagia jengo analolihudumia.

"Chumba kikiwa hakina mtu, mama, kiyoyozi kinajizima. Umeme hauliwi bure. Cha marehemu mhasibu tu ndicho hakizimi. Kihisio chake cha kutambua watu ni kibovu."

"Si ulikibadilisha, mwanangu?"

Fundi akajikuna shingo. Nadhani hilo hawakumfundisha chuoni. "Kesho nakata waya."

"Thubutu! Mwenzio yumo kazini, wewe unamzimia? Mimi hata kufagia siingii bila kupiga hodi."

"Na unaitikiwa?"

Mama akageukia dirishani.

Simu ya fundi ikalia. Akasoma ujumbe uliotumwa na kiyoyozi: "Kimezima. Kinasema chumbani hakuna mtu."

"Ndiyo saa yake ya kutoka," mama akasema taratibu. "Alikuwa akipanda basi hili hili."

Fundi akacheka, peke yake.

Kengele ya kushuka ikalia. Wale wawili wakageuka kunitazama. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Basi likasimama, mlango ukafunguka, na hakuna aliyeinuka.