Nyongeza Aliyoitoa Marehemu Bonaventura Ntabaye

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Katubuka na ninyi mliotoka mbali, mbele yenu nimesimama mimi Feliksi, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yetu, na niseme mapema kwamba ndani yake ipo sehemu ambayo nisingependa kuisoma, lakini nimetumwa.

Marehemu Bonaventura Gasper Ntabaye alizaliwa tarehe 4 Agosti 1971 kijijini Simbo, mtoto wa kwanza wa Mzee Gasper, mkulima, na mama yetu aliyeuza dagaa Kibirizi, ambaye kila alipopima kopo aliongeza konzi moja juu, hata kwa mteja mkorofi, akisema aliyetoka mbali haondoki na kipimo kikavu. Alisoma shule ya msingi hapo Simbo kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, sekondari mjini Kigoma hadi 1989, kisha baada ya miaka ya jembe akaenda Dar es Salaam kusomea upigaji picha za mionzi, akahitimu Novemba 1996.

Februari 1997 aliajiriwa katika hospitali moja ambayo familia imeona isitajwe, tarehe 12 Septemba 1998 akafunga ndoa na shemeji yetu Yunisi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Diana, Bariki na Nehemia, ambao wote wapo hapa.

Narudi kwenye kazi, maana ndiko ninakoogopa. Aprili 2015 hospitali ilipata mashine ya CT scan, akakabidhiwa kaka, na mashine hiyo mionzi ikiwa mingi picha hung'aa, ikiwa kidogo picha huwa na chengachenga kama televisheni yenye antena mbovu, lakini mionzi ikizidi, hasa kwa mtoto, huongeza uwezekano wa saratani miaka ya baadaye. Kaka alipenda picha zing'ae, madaktari wakamsifu, naye akazidi kupandisha, watoto wadogo akiwapiga kwa kipimo cha watu wazima. Tena wazazi walipoleta watoto wao kwa boti kutoka Mwamgongo, daktari akiwa ameandika kichwa tu, yeye aliwahurumia kwa safari ile, akawaongezea kifua na tumbo bila malipo, kama mama yetu na dagaa wake.

Julai 2019 alikwenda mafunzoni Mwanza, akafundishwa kwamba picha haitakiwi kuwa nzuri, inatakiwa itoshe kujibu swali la daktari, akarudi amenyong'onyea. Alijaza maji kwenye madumu ya mawese ya shemeji, makubwa na madogo yawe mfano wa miili ya kila umri, akatumbukiza vipande vya nyama hadi vya ukubwa wa punje ya mahindi viwe mfano wa uvimbe, akayapiga picha kwenye mashine, na shemeji akashinda anatafuta madumu na kitoweo chake. Akawa anapunguza mionzi kidogo kidogo, na Daktari Castory wa hospitali hiyo akisoma picha bila kuambiwa ipi ni ya kipimo gani, mpaka wakajua pa kuishia, na mwaka 2020 watoto wadogo walikuwa wanapigwa kwa chini ya nusu ya mionzi ya zamani, pale tu palipoandikwa, na hakuna kilichokosa kuonekana. Sisi tulimpongeza, yeye hakufurahi, kwa kuwa kila picha iliyotosha ilimwonyesha kwamba ile ya kwanza ilizidi bure.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, na akiwa bado na nguvu za kupanda boti alitaka kwenda Mwamgongo kuwaambia wazazi, sisi ndugu tukamzuia, tukamwambia utawatisha watu, funika kombe mwanaharamu apite. Alifariki tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, hajaenda, na hilo ni letu, si lake.

Ni desturi kuomba msamaha kwa yeyote aliyekosewa na marehemu, na kwa kawaida kosa halitajwi, ila yeye aliagiza litajwe. Jana kikao cha familia kiligawanyika, hadi mjane akasema kama halisomwi hatalifuata jeneza. Daktari Castory ameomba niongeze kwamba hatari kwa kila mtoto ni ndogo, asitokee mtu wa kumpeleka mwanawe kupigwa picha nyingine kwa sababu ya tangazo hili, na mwenye wasiwasi amwone yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, na majirani kwa kuni, maji na kukesha nasi. Watu wa Mwamgongo, leo asubuhi mlitushika mikono mkasema mnamshukuru kwa moyo ule wa kuwaongezea watoto wenu picha, nasi tukaona aibu, tukawaonyesha pa kukaa. Sasa mmejua mlichokuwa mnakishukuru. Anayeweza kumsamehe amsamehe, na asiyeweza leo, familia haitamlaumu.

Kaka, tumewaambia. Sasa pumzika kwa amani.