Ua la Kijani la Philomena

Kijiwe chetu hapa Runzewe ni ubao mmoja juu ya matairi mawili, mkabala na kitalu cha maua cha Da Mwamvua. Mimi huwauzia wanakijiwe kahawa, mwanangu Mihayo akiwa mgongoni. Mzee Akida, fundi viatu, tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Deusdedit wa bodaboda ni Breki, kitu ambacho pikipiki yake haina. Maige, mchimbaji wa dhahabu, ni Kareti, kile kipimo cha dhahabu. Wana kelele, lakini Kareti hukaa upande unakoelekea moshi wa jiko langu ili usimfikie mwanangu. Asubuhi hiyo Da Mwamvua alivuka barabara ameshika tawi la vinka, yale maua ya rangi ya waridi tunayopanda mlangoni na makaburini. Ila ya tawi lile yalikuwa ya kijani, na katikati ya kila ua yalikuwa yameota majani madogo.

MWAMVUA: Shikamoo Mzee Akida. Jamani, nisaidieni. Hili limetoka kwenye kaburi la mtoto wa Philomena. Mche nilimpa mimi, ukachanua waridi vizuri tu. Sasa anauliza kwa nini limekuwa hivi, na leo anapita kuchukua jibu.

PROFESA: Marahaba. Jambo dogo hilo. Limekunywa mbolea ya tumbaku.

BREKI: Tumbaku iko Ushetu, mzee. Kaburi liko hapa.

PROFESA: Mbolea inasafiri. Mwenda pole hajikwai.

BREKI: Acha hizo. Huo ni mnara wa simu. Mtandao ukizidi nguvu, ua linachanganyikiwa, linasahau kama ni ua.

PROFESA: Wewe unalala na simu sikioni, mbona hujaota majani?

BREKI: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

PROFESA: Mkuu ni mimi, na ua halina guu!

KARETI: Nyamazeni, leteni hapa. Sisi wachimbaji tunasoma majani kabla ya udongo. Mmea ukigeuka rangi, ujue chini kuna mwamba wenye mali. Haraka haraka haina baraka, nipeni sululu sasa hivi.

MWAMVUA: Chini kuna mtoto, Maige.

Sikuwahi kumsikia mtu akimwita Kareti kwa jina lake pale kijiweni. Kareti alilaza tawi juu ya goti taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala usingizi.

KARETI: Nisamehe, mayu. Nisamehe, mama.

Nikammiminia kikombe kingine bila kuombwa.

MWAMVUA: Philomena angekuwa analia, ningejua la kumwambia. Lakini amefurahi! Anasema maua mengine yanapukutika, la mwanawe halipukutiki. Anasema mtoto amemjibu. Anataka nimkatie vijiti vya hilo hilo, apande kuzunguka kaburi lote.

BREKI: Si umkatie? Thawabu hiyo.

PROFESA: Usimkatie. Ukila na kipofu usimguse mkono.

KARETI: Hiyo inaingiaje hapa?

PROFESA: Subiri, itaingia.

Mwishoni mwa ubao alikaa dada mmoja mwenye begi, akisubiri gari la Kharumwa. Aliomba tawi, akaligeuza chini juu.

DADA: Samahani wazee. Naitwa Hosiana, na mimi nina kitalu. Huu ni ugonjwa. Vinka zangu ziligeuka hivi hivi. Bwana shamba akatuambia ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinakaa kwenye utomvu. Kuna wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye majani. Wananyonya mmea mgonjwa, kisha wanaupelekea mzima.

BREKI: Dawa yake?

HOSIANA: Hakuna. Nilipogoa, nikanyunyiza, ukarudi. Unang'oa mche na mizizi yake, unachoma. Na vijiti ndiyo usikate kabisa, utakuwa unapanda ugonjwa.

Da Mwamvua alikuwa anatazama kitalu chake, mistari na mistari ya vinka, kazi iliyowavusha wanawe shule.

MWAMVUA: Makaburi yako nyuma ya uzio wangu.

HOSIANA: Basi lile likibaki, haya yatafuata.

MWAMVUA: Na nikiling'oa bila kumwambia?

KARETI: Usithubutu.

BREKI: Mwambie ni mbuzi wamekula.

PROFESA: Mwambie... mwambie...

Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa Mihayo nyuma ya kiuno changu, sijui tangu saa ngapi. Kitalu kile kilimlisha Mwamvua. Ua lile lilimlisha Philomena. Sikujua nimwonee huruma nani kwanza.

Ndipo tukamwona Philomena anakuja kutoka makaburini na ndoo tupu, kitenge chake kimelowa chini kwa maji ya kumwagilia. Alikuwa anatembea haraka. Tangu msiba sikuwa nimemwona akitembea hivyo.

HOSIANA: Ndiye huyo?

MWAMVUA: Ndiye.

HOSIANA: Sasa nani kati yenu atamwambia?

Breki alianza kuchunguza gurudumu lake. Profesa aliitungia uzi sindano iliyokuwa na uzi tayari. Kareti alimtazama Mwamvua, Mwamvua akanitazama mimi, mimi nikainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

PHILOMENA: Hamjambo jamani? Da Mwamvua, vijiti vyangu viko tayari?

Tukaitikia wote kwa pamoja kwamba hatujambo.