Kuhani Aliyechagua Wodi

Marehemu ndugu yetu Rabi Zalman Katz alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 mjini Baltimore, mtoto wa pili wa mzee Hirsh, muuza vitambaa, na Bi. Fruma, katika ukoo wa kikuhani, ambao wanaume wake hawaingii penye maiti isipokuwa ya ndugu wa karibu kabisa, na mwiko huo mzee Hirsh hakuufanyia mzaha.

Alisoma shule ya dini ya mtaani hadi 1970, akaingia chuo cha marabi cha tawi letu la dini ya Kiyahudi, na Mei 1975, wanafunzi wa matawi yote walipokutanishwa na kuulizwa kila mmoja anataka kazi gani, wa kwetu waliandika ualimu, wa matawi mengine kuongoza sinagogi, na Zalman, mkaidi tangu tumboni, akaandika hospitali, kuwafariji wagonjwa. Mkuu wa chuo alidhani amekosea, akamrudishia fomu mara mbili, naye mara zote akaandika vilevile, kwa kuwa alipomuuguza mama yetu wodini aliona watu wakikata roho bila wa kuwashika mkono. Baba alimwambia mezani, sote tukisikia, "Hospitali haikosi maiti. Ukiingia humo, kwangu usiingie."

Alihamia chuo cha tawi jingine, akahitimu 1979, akahudumu katika hospitali moja ya hapa mjini miaka thelathini na minane. Tarehe 8 Juni 1980 alimwoa Shifra, baba hakuja, tuliumia sana, nao wakajaliwa Yael na Akiva.

Novemba 1991 mzee Hirsh alilazwa hospitalini humo humo, makuhani wenzake wakaishia getini wakimpungia mkono, lakini Zalman aliketi naye siku nane bila kujibiwa salamu, hadi siku ya tisa mzee alipomgeukia na kusema, "Yule wa kitanda cha pili analia tangu asubuhi. Nenda kwake kwanza, mwanangu, mimi nitangoja."

Septemba 2024 Zalman aligundulika na saratani ya kongosho, akalazwa, akawa bado anaomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu akawaone wagonjwa wengine, mpaka Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipofariki, Shifra akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliochoka kumkataza, majirani walioleta supu kila siku, marabi wa matawi yote mliosimama hapa pamoja, jambo ambalo yeye alilitamani tangu ujana.

Zalman, mwana wa Hirsh, baba amekungoja vya kutosha, sasa nenda kwake, upumzike kwa amani.